Likizo ya Desemba nje ya nchi huku unajiandaa na Kili Marathon: punguza kilomita, usiguse kasi

MwendoWaMweka

Habari wakuu. Kila ikifika Novemba swali ni lile lile: mtu ana programu ya kilomita 42 za Kili Marathon pale Moshi mwishoni mwa Februari, halafu Desemba familia inasafiri wiki mbili, iwe Dubai, Muscat, London au kwa ndugu Uholanzi. Wapo wanaoacha kabisa wakijiambia watafidia wakirudi. Wapo wanaobeba programu nzima ya siku sita, wakawanyima watoto likizo na wenyewe wakarudi wamechoka. Njia zote mbili hazifai, na sababu zake zinajulikana.

Tuanze na kile ambacho mwili unapoteza. Ukisimama kabisa, majimaji ya damu yanapungua ndani ya siku chache tu. Moyo unapata damu kidogo kwa kila pigo, hivyo unapiga mara nyingi zaidi kwa kasi ile ile. Ndiyo maana ukirudi baada ya wiki moja unahisi mzito ingawa misuli iko salama. Kati ya siku 10 na 14, kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kinaanza kushuka kwa kiasi kinachopimika. Kwa hiyo siku 4 au 5 bila kukimbia si hasara, mara nyingi ni pumziko lenye faida. Wiki 2 kamili za kukaa ni hasara.

Sasa, ni kidogo kiasi gani kinatosha kushikilia ulichonacho? Robert Hickson wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Chicago alilipima hili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu walifanya mazoezi magumu dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 10. Kisha wakapunguziwa kwa wiki 15. Waliopunguziwa siku hadi 4 au hata 2 kwa wiki, lakini wakabaki na ugumu ule ule, uwezo wao wa oksijeni haukushuka. Waliopunguziwa dakika hadi 13 kwa siku nao waliushikilia, ila uvumilivu wao wa muda mrefu ulipungua. Waliopunguziwa ugumu ndio walioshuka.

Kwa hiyo likizoni unaruhusiwa kukata siku, unaruhusiwa kukata kilomita, kasi ya siku ngumu huigusi. Na mbio ndefu huiachi kabisa, maana hiyo ndiyo inayolinda zile kilomita za mwisho Moshi, ambako kupanda kuelekea Mweka kunakukuta ukiwa umeshamaliza sehemu ya tambarare na miguu imechoka.

Mfano wa anayekimbia kilomita 60 kwa wiki kwa siku tano. Likizoni afanye siku tatu, kilomita 30 hadi 40 kutegemea kasi yake:

Siku ngumu: dakika 15 za kupasha mwili, kisha dakika 3 kali mara 5, katikati dakika 2 za kujikongoja, mwisho dakika 10 taratibu. Jumla haifiki saa moja. Kali maana yake huwezi kutamka zaidi ya maneno mawili matatu kwa pumzi moja.

Siku ndefu: dakika 95 hadi 110 kwa mwendo wa kuongea. Anayekwenda dakika 6 kwa kilomita atapata kati ya 16 na 18.

Siku nyepesi: dakika 35, na mwishoni michomoko (vipande vifupi vya kasi) 6 ya sekunde 20, ukitembea hadi pumzi irudi kati ya mmoja na mwingine.

Siku ngumu na siku ndefu zisifuatane. Kukiwa na siku ya nne, iwe milima au ngazi, dakika 30 tu. Mengine yote ni kutembea na familia, na msidharau: mtalii hutembea kilomita 10 hadi 15 kwa siku bila kujua, na hiyo ni kazi kwa nyayo na ndama. Usipange siku ngumu kesho yake baada ya kuzunguka makumbusho mchana kutwa.

---

PumziNdefu

Mkuu ahsante kwa uzi. Kabla ya kupanda ndege, mtu aongeze kilomita ili ajiwekee akiba?

---

MwendoWaMweka

Akiba kidogo inawezekana, lakini kwa kipimo. Wiki ya mwisho kabla ya safari ongeza asilimia 10, ikizidi sana 15, kisha wiki ya kwanza ya likizo iwe ndiyo wiki yako ya kupumzika. Programu nzuri ina wiki ya kupungua kila baada ya wiki 3 au 4, kwa hiyo ihamishe iangukie kwenye safari. Ukifanya hivyo, nusu ya likizo haijakuondolea chochote.

Kinachoharibu ni kukimbia kilomita 28 Jumamosi asubuhi na kupanda ndege Jumamosi usiku. Misuli yenye majeraha madogo ikikaa saa nyingi kwenye kiti chembamba, hewa kavu, maji kidogo, miguu inavimba na unafika umekakamaa. Pia safari za zaidi ya saa 4 zina hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na upungufu wa maji mwilini hausaidii. Acha siku 2 hadi 3 kati ya mbio ndefu na ndege. Ndani ya ndege inuka kila saa moja na nusu, panda na kushuka kwa vidole vya miguu mara 20. Siku ya kufika ni dakika 20 hadi 30 za taratibu tu, au kutembea.

Raba za kukimbilia zikae kwenye begi la mkononi. Begi kubwa likipotea, nguo utanunua popote, lakini raba mpya za kukisia siku ya kwanza ya likizo ni malengelenge. Jeli za kuongeza nguvu nazo zinahesabiwa kama kimiminika: viwanja vingi bado vinataka kila kimoja kisizidi mililita 100, vyote kwenye mfuko wa plastiki wa lita moja. Jeli nyingi ziko chini ya hapo, ila zikiwa nyingi hazitaenea kwenye huo mfuko, basi weka kwenye begi la chini.

---

DadaRaba_NL

Naongezea upande wa Ulaya, maana baridi ya Desemba inawapata watu vibaya kwa sababu mbili: nguo na mwanga.

Mwanga kwanza. London kipindi cha Krismasi jua linachomoza kama saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Amsterdam linachomoza karibu saa 3 kasoro dakika 10. Anayetoka Dar amezoea kukimbia saa 11 alfajiri ili akwepe joto. Huku alfajiri ni giza nene na barafu. Kimbia kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Kama lazima iwe gizani, vaa kizibao cha kung'aa na taa ya kichwani, kwani nguo nyeusi haionekani na dereva wala mwenye baiskeli.

Nguo: vaa kana kwamba hewa ina joto la nyuzi 10 zaidi ya ilivyo. Kukiwa na nyuzi 4, jivike kama mtu anayekwenda kutembea kwenye nyuzi 14. Dakika 10 za kwanza lazima uhisi ubaridi kidogo. Ukitoka mlangoni ukiwa na joto zuri, kilomita ya tatu utakuwa umelowa jasho, na jasho likipoa ndipo unapotetemeka. Shati la ndani liwe la kitambaa kisichoshika maji. Pamba inafyonza jasho na kubaki mvua kifuani. Juu yake jaketi jepesi la kuzuia upepo, glavu, kofia ya kufunika masikio. Suruali ndefu ya kubana inatosha chini. Anza ukielekea upepo na urudi nao ukiwa mgongoni, usifanye kinyume. Ukimaliza, badilisha nguo zilizolowa ndani ya dakika 10.

Barafu: kukiwa chini ya sifuri na lami ilikuwa na unyevunyevu usiku, kuna utando usioonekana juu ya lami na hasa kwenye madaraja. Hakuna raba ya kawaida inayoushika. Hamia kwenye nyasi au changarawe, au ingia ndani. Kuteguka nyonga wiki 8 kabla ya mashindano hakuna programu inayoweza kukufidia.

Wenye pumu au kifua kinachobana: hewa baridi na kavu inachochea. Pashieni mwili dakika 20 badala ya 10, funikeni mdomo kwa skafu nyembamba, na dawa ya kuvuta iwe mfukoni kama daktari alivyoelekeza.

Sehemu: Vondelpark pale Amsterdam mzunguko mmoja una zaidi kidogo ya kilomita 3, mizunguko mitano ni mbio yako ndefu. Amsterdamse Bos ni msitu mkubwa wa kukimbia bila magari. London ukizunguka Hyde Park pamoja na Kensington Gardens unapata karibu kilomita 7. Na Jumamosi saa 3 kamili asubuhi kote England kuna parkrun, mbio za pamoja za kila wiki, kilomita 5, bure. Jiandikishe mtandaoni kabla hujasafiri, chapisha msimbo pau (barcode) wako au uwe nao kwenye simu, bila huo muda wako hautahesabiwa. Hiyo inaweza kuwa siku yako ngumu ya wiki: kilomita 3 kwenda hapo taratibu, 5 kali, 3 kurudi.

Uholanzi msikimbie kwenye njia nyekundu za baiskeli pale penye njia ya waenda kwa miguu. Si suala la adabu tu, baiskeli zinakuja kwa kasi na kimya.

---

KijanaWaSinza

Dada hapo kwa Uholanzi, karibu nchi nzima ni tambarare. Mweka tunaifanyia mazoezi wapi?

---

DadaRaba_NL

Kwenye mashine ya kukimbilia au kwenye ngazi, kaka.

Mashine: inamisha asilimia 4, kasi kilomita 9 kwa saa, dakika 20. Hizo ni kilomita 3, na umepanda mita 120. Gawa mara mbili ya dakika 10 kama mapigo ya moyo yanapaa. Usishike vishikio, ukivishika umepunguza uzito wako na ile kazi haipo tena. Angalia kipimo cha mashine kabla hujaanza: nyingine zinahesabu maili. 6.2 kwenye maili ni kilomita 10 kwa saa, yaani dakika 6 kwa kilomita. 7.5 ni kama kilomita 12, dakika 5 kwa kilomita. Watu wengi wanaweka 10 wakidhani ni kilomita, mkanda unawatupa. Nyingi za hotelini pia zinajizima zikifika dakika 60, kwa hiyo mbio ndefu igawe mara mbili. Na vyumba vile havina upepo. Washa feni, weka taulo na nusu lita ya maji.

Ngazi: ghorofa moja ni kama mita 3. Jengo la ghorofa 10, ukipanda mara 10, umepata mita 300.

---

MwendoWaMweka

Nyongeza muhimu kwa alichosema dada. Mashine inakufundisha kupanda, haikufundishi kushuka, na Moshi ukishapanda lazima ushuke. Kushuka kunaifanya misuli ya mbele ya paja ifanye kazi huku inarefushwa, na hapo ndipo maumivu ya siku mbili yanapotoka. Kwenye ngazi, raundi 3 za mwisho shuka kwa miguu polepole, zilizobaki tumia lifti. Mwili ukishapata dozi moja ndogo ya kushuka, kinga yake inakaa wiki kadhaa.

Walioko London wana bahati, Greenwich Park ina mlima mkali mfupi. Sekunde 60 kupanda mara 8, kushuka kwa kujikongoja.

---

AbuSalim_Matrah

Assalaam alaykum. Kwa wanaokuja Ghuba: Desemba na Januari ndiyo miezi bora ya mwaka. Muscat mchana nyuzi 25 hivi, usiku chini ya 20. Mtu wa Dar atakimbia kwa kasi nzuri zaidi huku kuliko nyumbani kwa mapigo yale yale ya moyo. Asidanganyike akadhani amepanda kiwango, ni joto tu limepungua. Julai na Agosti ni jambo jingine kabisa, mchana unapita nyuzi 40, hapo ni ndani ya jengo au kabla jua halijachomoza.

Muscat: ufukwe wa Qurum una njia nzuri ya tambarare. Barabara ya ufukweni Matrah ni nzuri alfajiri kabla ya watalii. Milima ya mawe juu ya Matrah ina njia maarufu kutoka Riyam, lakini hiyo ni ya kutembea, mawe yake yanateguka, msiikimbie na raba za lami. Dubai ile njia laini pembeni mwa ufukwe wa Jumeirah ni rafiki kwa magoti, na wenye baiskeli wana Al Qudra jangwani, makumi ya kilomita bila gari hata moja.

Mavazi: Oman bukta fupi ya kukimbilia na kifua wazi havifai mjini. Wanaume suruali inayofika magotini na fulana, kina dada suruali ndefu na shati la mikono. Hakuna atakayekusumbua. Likizo ikiangukia Ramadhani, usinywe maji hadharani mchana hata kama uko katikati ya mazoezi. Panga kukimbia saa moja kabla ya futari, taratibu, au baada ya tarawehe.

Na hili ni la kuokoa maisha: Tanzania na Kenya magari yanapita kushoto, tumezoea kutazama kulia kwanza. Ghuba, Uholanzi na Marekani yanapita kulia. Tazama kushoto kwanza. Kanuni ya kukimbia ukiyaona magari yanayokuja inageuka pia: nyumbani unakaa upande wa kulia wa barabara, huku kaa kushoto. Kati ya nchi tulizozitaja, Uingereza pekee ndiyo kama kwetu.

---

Pedeli_Arusha

Abu Salim umenigusia baiskeli. Kwa wale wa baiskeli, wiki 2 ni bora kukodi kuliko kusafirisha, ila ukodi kwa vipimo vyako.

Kabla hujaondoka, pima vitu vitatu kwa mkanda na uandike: kutoka katikati ya mhimili unaozungusha mikono ya pedeli hadi juu ya siti, ukifuata bomba la siti. Kutoka ncha ya siti hadi katikati ya usukani. Na tofauti ya kimo kati ya siti na usukani. Mwenye duka akikupa baiskeli, weka hivyo vitatu kabla hujatoka mlangoni. Siti ikiwa chini ya ulichozoea hata kwa sentimita 2, sehemu ya mbele ya goti itauma kabla ya saa mbili kuisha.

Beba pedeli zako na viatu vyako. Nyingi zinafunguliwa na spana ya 15 au ufunguo wa Allen wa milimita 8. Pedeli ya kushoto ina uzi wa kinyume, inafunguka ukizungusha kama mshale wa saa. Ukilazimisha upande mwingine unaharibu mkono wa pedeli wa watu na utaulipia.

Breki: kwa mtindo wa Uingereza mkono wa kulia unashika breki ya mbele. Ulaya bara na Marekani ni mkono wa kushoto. Ukibana kwa mazoea mteremkoni, unaruka juu ya usukani. Jaribu kila mkono ukiwa unasukuma baiskeli kwa miguu kwanza.

Mkimbiaji ambaye anakosa pa kukimbia anaweza kufanya siku yake ngumu kwenye baiskeli ya mazoezi ya hotelini: zile zile dakika 3 mara 5. Moyo hautofautishi. Miguu inatofautisha, kwa hiyo mbio ndefu usiihamishie huko.

---

MamaKapteni

Wapendwa, mimi swali langu ni la Marekani. New York siku 12. Saa zinatuvuruga.

---

MwendoWaMweka

Dada, Desemba New York iko nyuma yetu saa 8. Kipimo cha jumla ni siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, ingawa kuelekea magharibi mwili hujipanga haraka zaidi. Siku 3 za mwanzo utaamka saa 9 au 10 usiku macho makavu. Usitoke kukimbia gizani, subiri jua. Jioni kaa nje kwenye mwanga hadi liishe, usilale kabla ya saa 3 usiku ya pale. Siku 3 hizo ni mbio nyepesi tu, siku ngumu ya kwanza iwe ya 4 au ya 5. Kurudi Dar ndiko kugumu zaidi. Siku 5 za kwanza nyumbani usiweke chochote kikali, mtu asiyelala vizuri anajeruhiwa kwa urahisi.

Kwa Dubai tofauti ni saa 1, isahau. London ni saa 3, siku mbili zinatosha.

---

PumziNdefu

Na tumbo? Hapo ndipo likizo nyingi zinapoishia.

---

DadaRaba_NL

Ukiharisha, mazoezi yanasimama hadi upite saa 24 bila kuharisha na uwe umekula mlo wa kawaida mara mbili. Maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari visawazishwe, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Kukiwa na homa au damu, nenda hospitali, na hakikisha bima ya safari iko kwenye simu.

Kuzuia: usiku wa kuamkia mbio ndefu usijaribu chakula kipya. Wali, tambi, mkate au viazi viko kila nchi. Meza za hoteli za kujipakulia zina mafuta mengi na saladi nyingi, vyote viwili vinakupeleka chooni kilomita ya 8.

Na kwenye baridi kiu inapungua ila jasho lipo. Jipime uzito bila nguo kabla na baada ya mbio ndefu. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji, nawe rudisha polepole lita moja na robo hadi moja na nusu ndani ya saa chache, pamoja na chakula chenye chumvi.

---

KijanaWaSinza

Tukirudi tarehe 4 Januari, mbio ndefu ya mwisho kabla ya safari ilikuwa 24. Tunaendelea na 26 au tunarudi nyuma?

---

MwendoWaMweka

Unarudi nyuma hatua moja, kijana. Kama zimebaki wiki 8 kufikia siku yenyewe, mbio ndefu za mwisho wa wiki ziende hivi: 22, 26, 20, 30, 32, 22, 14, kisha Moshi. Ile 20 ni wiki ya kupungua, usiiongeze. Ile 32 inaangukia wiki 3 kabla, ndipo inapotakiwa kuwa. Wiki ya kwanza jumla ya kilomita iwe robo tatu ya ulizokuwa nazo kabla ya safari, na zile zilizokosekana likizoni hazilipwi. Ukiwa na wiki 7 tu, ondoa ile 22 ya mwanzo na ile 26 iwe 24, zilizobaki ziache kama zilivyo.

Aliyetoka Ulaya ana deni moja zaidi, la joto. Mwili uliozoea joto unapoteza sehemu ya mazoea hayo ndani ya wiki 2 au 3 za baridi, ila unayapata tena haraka kuliko mara ya kwanza. Wiki mbili za Januari kimbia siku nyepesi saa 4 asubuhi badala ya alfajiri, dakika 40 hadi 60, bila kuangalia kasi, na maji mkononi. Siku ngumu na siku ndefu zibaki alfajiri. Anayeishi Nairobi au Arusha, ambako asubuhi kuna ubaridi, alihitaji hili hata kama hakusafiri, kwa sababu Moshi mwishoni mwa Februari jua la saa 4 halina huruma na wengi wa kilomita 42 bado wako barabarani.

Na wiki ya nne au ya tano tafuta mteremko mrefu, kilomita 3 hivi, ushuke kwa kasi ya kawaida mara moja tu. Mapaja yatauma siku mbili. Usirudie tena hadi Mweka.